Umepita Thelathini na Moja?

Mchezo wa Msako hauna kosa. Kosa lilikuwa la mama, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo akiulizwa.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja tu. Mtoto wa pekee ni kama jicho la mwenye chongo: likiingia vumbi, dunia nzima imezimika. Kwa hiyo mama huyu aliishi kwa kuogopa. Binti akikohoa, mama yuko mlangoni na sweta. Binti akichelewa dakika kumi, mguu wa mama hauwezi tena kukanyaga cherehani.

Binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akifanya kazi kwenye duka la uchapaji. Siku moja alirudi na habari ya mchezo aliousikia kwa mteja. Mtu mmoja anajificha kwenye ramani, wengine wanamsaka, na hawamwoni mpaka mwisho.

“Atajifichaje kwenye karatasi?” mama aliuliza, pini zimejaa mdomoni. “Karatasi ina uvungu?”

“Subiri uone, mama.”

Alichukua karatasi ya kaki ambayo mama hukatia vielelezo vya nguo, akaitandaza mezani, akachora mtaa wao wote: soko, shule, duka la dawa, kibanda cha kinyozi, banda la mayai, njia ya mafundi. Kila mahali akatia doa na namba, moja mpaka sitini. Cherehani ya mama ilikuwa namba moja. Wasakaji walikuwa vifungo vya koti, kila mmoja na rangi yake. Mtoro alikuwa kifungo cheusi, ila hicho hakikukaa mezani, kilikaa mfukoni mwake. Yeye aliandika kila hatua yake kwa namba kwenye kidaftari, nyuma ya boksi tupu la nyuzi, wenzake wasione. Kila hatua ya tano ilimlazimu ajitokeze: atoe kifungo, akiweke pale alipo, kisha akirudishe mfukoni na kutoweka tena. Msakaji, zamu yake ikifika, aliruhusiwa swali moja: “Umepita namba fulani?” Mtoro lazima ajibu kweli. Hadanganyi, lakini pia haongezi neno. Alichoulizwa ndicho anachojibu, basi.

Mchezo ukiisha, mtoro alisoma njia yake yote kwa sauti na wasakaji wakaifuata kwa vidole. Hapo ndipo palipokuwa na utamu. “Nilikuwa hapo!” mtu angepiga kelele, akijipiga kichwa. “Nilikuwa hapo hapo, umepita puani kwangu!”

Wasakaji walikuwa watatu. Mama mwenyewe, kinyozi wa kibanda cha jirani, na Mama Mayai, shoga yake tangu usichana, ambaye alikuwa akiuza mayai njia panda. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walirudisha mlango nusu, wakazunguka meza ya kukatia nguo.

“Umepita ishirini na mbili?” kinyozi angeuliza, macho ameyakaza kama anayetafuta chawa.

“Sijapita, mjomba.”

“Hebu niangalie. Uso mkavu kama kigae! Ningekuwa polisi ningekufunga kwa uso tu.”

“Uso hauna namba, mjomba. Uliza namba.”

Mama Mayai angecheka mpaka kitambaa kimtoke kichwani. Kinyozi ndiye aliyembandika binti jina la Sisimizi. “Unamwona anaingia ufa huu,” alisema, “unamvizia kwenye ufa ule, kumbe kesha fika kwenye sukari yako.” Jina likashika, hata mama akalitumia. Na Sisimizi karibu kila mara ndiye aliyekuwa mtoro, kwa sababu hao watatu walishindwa kunyamaza. Mama Mayai akijificha alikuwa akijibu hata asiloulizwa.

Sasa msomaji ajue jambo ambalo mama hakulijua. Sisimizi alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliugundua akioga, mdogo kama punje ya mahindi, mgumu, hauumi. Akangoja uondoke. Haukuondoka. Akaenda kimya kimya zahanati ya ghorofani kwenye njia ya mafundi, jengo ambalo yeye mwenyewe alilitia namba thelathini na moja. Ilikuwa na kliniki ya mambo hayo kila Alhamisi mchana, na Alhamisi mchana ndiyo nusu siku yake ya mapumziko. Walimpima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne wakachoma sindano, wakatoa kinyama kidogo, wakamwambia, “Majibu ni wiki mbili. Usikose. Kama ni kibaya, bado ni mapema.”

Bado ni mapema. Maneno hayo yashikwe vizuri.

Kwa nini hakumwambia mama yake? Kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alikwisha onywa. Mdogo wake mama, yule mama mdogo mwembamba aliyekuwa akimsuka nywele, alikufa kwa ugonjwa wa titi. Siku ya msiba mama alianguka, presha ikapanda mpaka mdomo ukaenda upande, na daktari akawaambia waliokuwapo, “Huyu msimshtue tena.” Tangu hapo mama aliligeuza neno la daktari kuwa fimbo. Mtu akianza kusimulia ugonjwa, yeye huziba masikio. “Mkitaka kuniua,” alikuwa akisema, “hamna haja ya kisu. Nileteeni habari ya ugonjwa tu.” Alisema kwa utani, akakariri kwa miaka tisa, na mtoto aliyekuwa akimsikia alikua nayo.

Msako ukaingia nyumbani. Sisimizi akirudi kazini, mama angemtupia swali bila kuinua mguu kwenye cherehani.

“Umepita sokoni?”

“Nimepita.”

“Umepita kwa Mama Mayai?”

“Nimepita.”

“Umepita kwa mwanamume yeyote?”

“Sijapita, mama.”

Wakacheka, chakula kikapakuliwa. Mama aliona amepata njia ya kumlinda binti bila kugombana naye. Kumbe alikuwa amemfundisha mwanawe namna ya kusema kweli na bado akafichika.

Mama huwa na pua. Alianza kuona vitu. Alhamisi Sisimizi anarudi amechoka, amenyamaza. Viatu vina vumbi jekundu la njia ya mafundi. Kwenye mkoba wake kuna kitambaa kipya cha kujifunika kifuani. Akilala anajigeuzia ukutani. Mama akavijumlisha, akapata jibu moja: mwanamume. Na chini ya lile jengo, kwenye ile namba thelathini na moja, palikuwa na fundi simu, kijana mwenye ndevu za kuchonga na maneno ya asali.

Akawaita wenzake. “Tunamfanyia Msako wa kweli,” alisema.

“Shoga, si umuulize tu?” Mama Mayai alisema.

“Nimuulize ili akajipange? Mtoro haulizwi kabla hujamzingira. Wewe na miaka yote ya kucheza hujajua hilo?”

Kinyozi alifurahi kupita kiasi. Alhamisi hiyo alifunga kibanda, akasimama kona ya shule na gazeti alilolishika juu chini. Mama Mayai alikaa njia panda na trei zake. Mama alijibanza kwenye duka la madaftari lililotazamana na jengo, akajifanya anachagua penseli. Saa nane na robo Sisimizi akapita. Alimsalimia Mama Mayai, akanunua mayai mawili, akaingia jengoni. Kutoka dukani, mlango wa fundi simu ulionekana vizuri. Ngazi za kwenda juu zilikuwa ubavuni, hazikuonekana. Alikaa saa nzima. Alipotoka alikuwa anapangusa macho. Hiyo ndiyo Alhamisi ya sindano.

Mama alirudi nyumbani mbio, akamngoja kwenye kiti cha cherehani. Jua lilikuwa halijazama.

“Umepita thelathini na moja?”

Sisimizi alisimama mlangoni, mfuko wa mayai mkononi. “Nimepita, mama.”

“Mara ngapi?”

“Swali ni moja tu...”

“Mara ngapi!”

“Nne.”

Mama akajipiga paja. Alikuwa ameshinda. Msako mzima, kwa miezi yote ile, hajawahi kumkamata Sisimizi mezani, na sasa amemkamata barabarani mchana kweupe. Akamwaga yote aliyokuwa nayo: ndevu za yule kijana, aibu mbele ya watu, marehemu baba yake atasema nini huko aliko. Hakuuliza “kufanya nini?” Msako haukuwa na swali hilo, na yeye alidhani jibu analo tayari.

Sisimizi alifungua mdomo. “Mama, pale juu kuna...”

“Nyamaza! Unataka presha iniue leo?”

Sisimizi alikwenda akayaweka mayai jikoni taratibu, moja, na jingine.

Hukumu ilitoka jioni hiyo hiyo. Simu ikabaki kwa mama, kwenye droo ya zipu. Njia ya mafundi marufuku. Asubuhi na jioni atapita njia ya shule, na kinyozi atamsindikiza. Alhamisi mchana atakaa hapa dukani, kando ya mama, akunje pindo. Msomaji atauliza: mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu alikubalije? Alikubali kwa sababu ya presha ya mama. Na kuna jingine, gumu kulisema lakini ni kweli: hakuna anayekimbilia majibu anayoyaogopa. Mama alimfungia mlango, na upande mmoja wa moyo wake ukashukuru.

Wiki mbili zikaisha. Simu ikalia kwenye droo, namba isiyo na jina. Mama akapokea. Sauti ya kike, ya upole.

“Habari za mchana. Naomba kuongea na...”

“Hayupo!”

“Wewe ni nani yake, mama? Ni muhimu afike kwetu...”

“Mwambie huyo kaka yako aliyekutuma,” mama alisema, “mtoto wangu si wa kuitwa kwa simu. Ukome!” Akakata. Ilipolia tena siku ya tatu, akaizima kabisa. Alimsimulia Mama Mayai kwa kujivuna: “Eti ametafuta msichana ampigie! Mjanja, lakini kwangu hapiti.”

Alhamisi zikapita. Binti na mama walikaa bega kwa bega, cherehani ikinguruma, sindano ya mkono ikipanda na kushuka. Mama alikuwa na amani, akiimba kwa puani. Mtoto yuko mbele ya macho yake, ataumwa na nini?

Jumamosi moja, mwezi wa nne tangu ile hukumu ukianza, walikuwa mezani. Hatua ya tano ikafika.

“Jitokeze, Sisimizi,” kinyozi alisema. “Leo nina harufu yako.”

Sisimizi alitoa kifungo cheusi, akanyoosha mkono wa kushoto kukiweka mbali, upande wa soko. Mkono haukufika. Ulisimama hewani, uso wake ukabadilika rangi, kifungo kikaanguka na kuviringika chini ya cherehani. Mama Mayai alikuwa amekaa karibu. Alimshika kwapani amtegemeze, akahisi kitu chini ya kiganja, kigumu, kikubwa kama yai. Mtu aliyeshika mayai miaka thelathini hakosei ukubwa. Akamvuta ile sweta, binti akiwa hana nguvu ya kukataa.

“Shoga,” alisema, na sauti haikuwa yake. “Shoga, njoo utazame.”

Mama hakuanguka. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Ile presha iliyoogopwa nyumba nzima, iliyozibisha midomo miaka tisa, siku yenyewe ilipofika haikumwangusha. Alisimama wima, akavaa viatu, akamshika mwanawe mkono. Angeweza kusimama vivyo hivyo miezi mitatu nyuma.

Hospitali kubwa walifanya walichoweza. Walikata, wakatia dawa kali, nywele zikatoka zote, kinyozi akanyoa na zake, akamwambia, “Sasa tumefanana, ila wewe kichwa chako kina umbo, changu kina mabonde.” Sisimizi alicheka. Daktari alimwita mama pembeni na kumwambia kwa lugha nyepesi kwamba ugonjwa umekwisha tembea, umefika kwenye ini. Akauliza, bila lawama, kwa nini majibu yalikaa zahanati muda wote ule bila kuchukuliwa. Mama alitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vyeupe na vya kijivu, akaanza kuvihesabu.

Jumamosi ya mwisho Sisimizi aliomba waje wote watatu, na ramani. Wakaikunjua juu ya blanketi lake.

“Kuna mchezo mmoja haujasomwa,” alisema. Akatoa kile kidaftari, akageuza kurasa za nyuma. “Mchezo hauishi mpaka njia isomwe. Si ndiyo sheria?”

“Ndiyo sheria,” kinyozi alijibu, akitazama dirishani.

Alisoma polepole, akipumzika kati ya namba na namba, na wao wakafuata kwa vidole. “Alhamisi ya kwanza. Moja. Tisa. Ishirini na mbili. Thelathini na moja.” Alhamisi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne. Kila mara kidole kilipanda njia ya mafundi, kikasimama kwenye jengo. Hapo ndipo mama alipoziona zile ngazi za ubavuni, Sisimizi alikuwa amezichora tangu siku ya kwanza, vijistari vitano vidogo.

“Ishirini na mbili ni kwangu,” Mama Mayai alisema. “Nilikuwa hapo, mwanangu. Ulininunulia mayai mawili.” Akajifunika uso kwa upande wa kanga.

“Alhamisi ya tano,” Sisimizi alisema. “Moja.”

Wakangoja namba inayofuata.

“Alhamisi ya sita. Moja. Ya saba. Moja. Ya nane. Moja.”

Vidole vya wengine viliondoka kwenye karatasi. Kidole cha mama kilibaki, juu ya namba moja, juu ya cherehani yake mwenyewe. Mara kumi na tatu Sisimizi alisema moja. Mara kumi na tatu hakuwa mbali na mama yake zaidi ya urefu wa mkono, uvimbe ukikua, mama akiimba.

“Nilikuwa hapo,” mama alisema. Si kwa kelele, kama walivyozoea. Kwa sauti ya mtu anayejibu polisi.

“Ulikuwa hapo, mama,” Sisimizi alisema, akamshika mkono. “Na mimi nilijificha vizuri. Usijibebeshe peke yako. Nilikuwa naogopa.”

“Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Hata kwa kunipigia kelele?”

“Hukuniuliza.” Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaeleza sheria tu. Akatia kitu kwenye kiganja cha mama, akakifunga vidole. Kilikuwa kifungo cheusi.

Alifariki Jumanne, asubuhi, mama akiwa amekaa upande wa kushoto.

Miezi ikapita. Kinyozi na Mama Mayai waliendelea kuja Jumamosi, wakikaa mezani bila kutandaza ramani, wakinywa chai. Nywele za kinyozi zilikwisha ota. Jumamosi moja Mama Mayai alikunja ngumi mezani na kusema, “Shoga, mdogo wako alikufa nao. Mtoto wako amekufa nao. Wewe umepita wapi kupimwa?”

Mama alizoea kuziba masikio hapo. Mikono ilianza kupanda yenyewe. Akaishusha, akaikalia.

“Sijapita popote,” alisema.

Alhamisi iliyofuata alikata kipande cha boksi, akaandika kwa chaki nene ya fundi, akakitundika mlangoni: FUNDI YUKO NAMBA 31, ZAHANATI YA JUU. ANAPIMWA TITI. ATARUDI JIONI.

“Umeandika titi mlangoni?” kinyozi aliuliza, ametoka kibandani na wembe mkononi. “Wateja wako ni watu wa heshima!”

“Waache wasome. Wenye mabinti wasome mara mbili.”

Alipita tisa, akapita ishirini na mbili, Mama Mayai akaacha trei zake na kumfuata. Fundi simu aliwasalimia kwa adabu. Mama alisimama, akamwomba radhi kwa jambo ambalo kijana hakulijua hata kidogo, akamwacha ameduwaa. Kisha akageukia ubavuni. Ngazi zilikuwa za saruji, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Alizipanda akishika ukuta.

Muuguzi alikuwa amekaa nyuma ya meza ndogo. Alikuwa msichana, wa umri ule ule wa Sisimizi.

“Karibu, mama,” alisema. “Unasumbuliwa na nini?”

Mama aliitambua sauti. Ndiyo ile ya kwenye simu, ya upole, aliyoiambia ikome. Na swali lilikuwa lile ambalo yeye, kwa Misako yote aliyocheza, mezani na barabarani, hakuwahi kumuuliza mwanawe.

Alitoa kifungo cheusi mfukoni, akakiweka juu ya meza, wazi, mahali ambapo kila mtu anakiona.

“Niulize yote, mwanangu,” alisema. “Hata nisichoulizwa leo nitajibu.”